Ndege Waliokula Miche Yangu

Mount Druitt, Sydney

Dada Felista,

Shikamoo. Goti limepona, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Sisi wazima, ila baridi ya mwezi wa saba huku inatafuna masikio.

Nikuambie habari za Neema wangu, na uwasomee majirani kwa sauti, hasa yule aliyesema mtoto anasomea ndege kwa kukosa akili. Amewekwa kusimamia watu wanaojitolea kwenye hifadhi ya ndege, kule kwenye mabwawa. Wazungu wenye mvi zao wanamsikiliza yeye. Bosi alikuwa anamtazama, akifaa anaajiriwa. Basi na mimi nikajitolea. Mtoto wangu akae peke yake kwenye baridi ile?

Nilipewa kupanda miche ya matete kwenye tope. Vidole nilikuwa sivisikii, dada. Lakini mstari wangu ulinyooka kuliko ya wote, bosi mwenyewe alisema.

Jumamosi iliyofuata ikawa ya kuhesabu ndege. Tumejibanza kibandani, Neema ana darubini, bosi nyuma yake, hakuna anayekohoa. Mara naona ndege wakubwa kama kuku, midomo myekundu, wanang'oa miche yangu. Unajua tulivyolelewa kwenye mpunga wa baba, ndege kwelea akitua tu mwili unainuka wenyewe. Nikajikuta nje napiga makofi, "Haaa-ya! Tokeni!"

Bwawa zima likaruka.

Bosi akauliza yule ni nani. Neema akashusha darubini. "Ni mama yangu," akasema. Bosi akajibu kwamba hesabu itarudiwa wiki ijayo, akaondoka bila kutuaga.

Treni ilipofika stesheni ya Blacktown, Neema akanigeukia.

"Mama, pale ndege ndio wenye shamba."

"Na miche yangu?"

"Uliwapandia wao."

Wiki nzima tulikula kila mtu anatazama sahani yake. Nikasema siendi tena, nisije nikamkosesha mtoto kazi. Jumamosi asubuhi akaniletea koti. "Vaa. Ila unakaa na mimi."

Walirudi ndege wale wale, dada. Wakaung'oa mstari wangu mche kwa mche, mimi natazama. Neema kashika darubini kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili kashika wangu, anaubana mpaka mifupa inalia. Machozi yalinitoka. Mdomo sikufungua.

Hesabu ilipokwisha bosi alinitazama mimi kwanza, kisha akampa Neema mkono. Ameajiriwa, dada. Mwanangu huyu huyu.

Nimeshapanda miche mingine, na mstari umenyooka vile vile.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa anayeniombea rozari. Na mdogo wetu anayeamia shambani kufukuza ndege, mwambie sauti yangu haijapotea: ilifika ng'ambo ya bwawa.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Neema