Mwanamke wa Kiwanjani

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili

Kwa Baba yangu, Mzee Idrisa,
Kibokoni, Mombasa.

Baba, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta kifua kimeshapoa, na Mama goti halimsumbui tena. Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila jua limenibabua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ungenikatia kabla sijamaliza.

Najua hukupenda nije. Ulisema kufukua ya kale nchi ya watu, tena kwa kujitolea, ni kazi ya asiye na kwao. Nikaja hivyo hivyo.

Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya maduka ya vitenge. Palikuwa na nyumba ya Kiswahili, imevunjwa, na mwenyewe, Bwana Abdulatif, anataka kupandisha ghorofa. Kabla ya msingi kumwagwa, sisi tumepewa nafasi ya kuchimba polepole tujue watu wa zamani waliishi vipi hapa. Anayetuongoza ni Dakta Celina, Mchaga mmoja mkali, ambaye siku ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kupiga picha. Nilichukua mwiko wa fundi nikapiga magoti. Tukapata vigae vya vyungu, shanga na miiba ya samaki, huku nje ya uzio wa mabati spika za wauza nguo zikipiga kelele mchana kutwa.

Jumatano mwiko wangu ukagusa fuvu. Nikaendelea kwa brashi mpaka mtu mzima akaonekana, amelazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Dakta Celina alitazama nyonga, akasema ni mwanamke.

Bwana Abdulatif alipoitwa, alisema mifupa ipakiwe kwenye lori pamoja na kifusi, maana kaburi lenyewe halina mwenyewe. Dakta alimwambia sheria hairuhusu. Akajibu kwamba kiwanja ni chake, akamwita dereva wa tingatinga. Basi nikashuka shimoni, nikakaa kando ya yule mama. Bwana Abdulatif akanifokea kuwa mimi ni Mkenya, sina changu hapa.

"Na huyu hana wake," nikamwambia. "Tutakaa wawili."

Siti, muuza vitenge wa jirani, alisikia zogo. Akasukuma geti, akaingia na doti mpya ya kanga kumsitiri marehemu, na wanawake wenzake wa madukani wakamfuata. Dereva kuona kanga ile, akazima mashine akashuka. Imamu wa msikiti wa karibu alipofika, Bwana Abdulatif alishakaa kwenye tofali, kichwa chini. Alikubali mifupa ikazikwe upya, na sanda akanunua yeye.

Sasa nikwambie mwenyewe kabla hujaletewa maneno. Makaburini walikwenda wanaume, nami nikawafuata. Walinizuia mlangoni, wakasema mwanamke haendi mazikoni. Nikawauliza nani kati yao ni mahramu wake, jamaa wa damu wa kumshusha kaburini. Nikawaambia nimemtoa mimi, mfupa mmoja mmoja, na mikono yangu inajua kila mmoja unapokaa. Imamu akawaambia wanipishe.

Nikashuka kaburini, Baba. Mimi binti yako. Nikampokea, nikamlaza kama nilivyomkuta, nikapanda juu na udongo hadi kiunoni.

Kijana mmoja alipiga picha, na bila shaka imeshafika barazani kwenu. Watakaokuja kukupa pole kwa aibu yangu, waambie ni kweli, na kwamba umeambiwa na mimi. Siombi radhi kwa hilo. Kesho narudi kazini, Dakta Celina amenipa shimo langu mwenyewe, na sitaondoka mpaka kazi iishe. Ukiniita nitakuja kukusalimia, kisha nitarudi.

Mpe Mama mkono wangu, na majirani wote, hata wale wanaonisema. Nakuombea afya, Baba, na usiku wenye usingizi.

Ni mimi mwanao,
Zamzam