Kibandiko cha Okteni 98

Shoga, injini imekufa! Ile ya turbo niliyoijenga kwa mikono yangu kwa ajili ya mashindano. Pistoni imetoboka.

Shemeji yako kalichukua gari asubuhi, akajaza petroli ya kawaida. Ya kawaida! Na kwenye kifuniko cha tangi nilibandika kabisa: OKTENI 98 TU, yaani ile petroli ya daraja la juu.

Namuuliza, "Hukukiona kibandiko?"

"Nilikibandua. Kilikuwa kinaharibu sura ya gari."

Sura ya gari, shoga!!

Injini ikaanza kugonga mlimani, petroli hafifu inalipuka kabla ya wakati ndani na kula pistoni. Alisikia, anakiri mwenyewe. Akaongeza sauti ya redio.

Sasa hivi yuko sebuleni, anaongea na mama yake kwenye simu. Namsikia: "Nilisema mimi, mwanamke hajengi injini ikadumu."