Paka Aliyetangulia Kupigwa Picha

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kufungua makabati yako, kulia, na kuyafunga tena bila kutoa kitu.

Juzi, baada ya arobaini yako, kaka yako Ami Saidi alilivuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na picha za kale za paka wako Mtoro. Mtoro ndani ya gauni la maua, Mtoro na kilemba, Mtoro kafungwa utepe, kanuna kama mkwe aliyenyimwa pilau. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ami hakucheka. Alitaka tuzichome upesi, maana watu wa mtaani kwetu Ngamiani wakiziona watasema ulikuwa ukifuga majini. Halafu akateremsha sauti: "Hakuzaa, maskini. Ndiyo akamvisha paka."

Hapo iliniuma, Shangazi. Iliniuma sana.

Nikaleta albamu yangu, nikazipanga picha sakafuni mbili mbili. Gauni lake la maua, na langu. Utepe wake, utepe wangu. Kitambaa kimoja, Idi ile ile, pazia lile lile la studio. Nikamkumbusha Ami jinsi kila Idi watu walivyokuwa wakijaa studio na nguo mpya, na mimi, yatima niliyeletwa kwako kutoka Pongwe, nikiiona ile taa ya kamera nakimbilia chini ya meza. Hukunifinya wala hukunikaripia. Ulikwenda nyumbani ukamshonea paka kitambaa kilichobaki cha gauni langu, ukarudi ukamketisha kitini, ukamwambia mpiga picha, "Anza na mkubwa wake." Taa ikawaka, Mtoro akapiga miayo. Nami nikakaa. Tukawa tunafanya hivyo kila Idi, hata nilipokwisha kuacha kuogopa.

Ami alizitazama muda mrefu. Mwishowe akaomba ile ya kilemba, akaitia mfukoni mwa kanzu. Habari ya kuchoma hakuigusa tena.

Ahsante, Shangazi. Ulikubali mtaa mzima ukucheke ili mimi nisiogope, na mie nilikuwa nadhani unapenda paka tu.

Nimezitundika sebuleni, mbili mbili. Nakuahidi kila atakayeuliza nitamweleza, na anayesema hukuzaa nitamketisha mbele ya picha hizi azitazame vizuri. Pumzika sasa. Mungu akupe kauli thabiti.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi