Kamera Niliitoa Mimi

Ndugu yangu Mutinda,

Acha kumsumbua fundi wako. Kamera ya hapa nyumbani haijaharibika, sola haijafa na bando halijaisha. Niliitoa mimi wiki tatu zilizopita, kwa bisibisi ya marehemu baba na hasira zangu mwenyewe, nikaifunga kwenye gunia na kuisukuma chini ya kitanda cha mama. Niliona ujumbe wako kwenye grupu ya familia, “Guys, camera iko offline, who touched it?”, nikanyamaza. Grupu ile ina wajomba na watoto wa wajomba, na niliyo nayo moyoni si ya kuandikwa mbele ya wajomba. Ndiyo maana nakuandikia barua, na nitampa mwenzangu wa kiwandani anayekaa huko Syokimau akuletee mkononi. Isome yote. Usiiruke kama unavyoruka ujumbe wa sauti wa mama ukizidi dakika moja.

Nina hasira, Mutinda. Nasema mapema ili usije ukaniambia, kama kawaida yako, kwamba nina “negative energy”. Kutoka Syokimau hadi Mitaboni si ng'ambo. Mimi nasimama siku sita pale kiwandani EPZ nikishona mifuko ya suruali ambazo sitazivaa, na Jumamosi nikitoka tu nafika kwa mama kabla ya giza. Wewe una gari.

Sikuanza kukukasirikia jana, lakini pia sijasahau mema. Nakumbuka Krismasi ile uliyomleta Popi, mtoto wa mbwa, ndani ya katoni, umempata kwa rafiki yako wa Kinanie, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia. Alikukojolea shati jeupe na mama akacheka mpaka akakaa chini. Ulikaa siku tatu nzima. Ulichukua ndara yako kuukuu, ukawa unaitupa uani na kusema “Popi, shika!”, naye anakimbia, anajikwaa, anaanguka kifudifudi. Mama akasema, “Huyu atashika nini, na hata kivuli chake kinamshinda?” Ukaendelea naye asubuhi na jioni mpaka akajua. Siku zile tatu ulinichekesha kama zamani, ulipokuwa ukiiga jinsi mhubiri wetu anavyopenga kamasi. Nilirudi Athi River nikiwa na furaha kwamba bado nina ndugu.

Kisha Pasaka ukaja na kamera badala ya kuja kukaa. Uliitundika juu ya mlango wa jikoni, ikaangalia lango na shamba lote mpaka chini, ukamwambia mama, “Mum, hata nikiwa ofisini nitakuwa na wewe.” Akakuamini. Hujui alivyokuamini. Mama aliyekuwa akichota maji na lile gauni lake lililochanika kwapani alianza kuvaa kitenge saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mtoto anaona. Kila siku alisimama chini ya kile kidude, akainua uso na kukusalimu kwa Kikamba, “Mutinda, uvoo waku? Umekula?” Akangoja. Siku nyingi hukumjibu. Nilikuwepo siku moja ulipojibu kupitia kamera hiyo, nikasikia kwa masikio yangu: “Mum, sogea kidogo, unaziba gate.”

Akasogea. Akaenda kulisha kuku. Popi ndiye aliyehangaika, maana kila akisikia sauti yako alizunguka nyumba mara tatu nne akikutafuta, halafu akalala mlangoni na kulia kidogo kidogo.

Na zile video zako za asubuhi mtandaoni. “Amka! Ushindi haumngoji mtu!” Sawa, amsha watu, kila mtu na kazi yake. Lakini ulichukua picha za mama kutoka kwenye kamera, ameinama analima, ukazitia muziki na kuandika: mama yangu ana miaka sabini na mbili na hachoki, wewe kisingizio chako ni nini? Wenzangu walinionyesha saa ya chakula cha mchana, wakanipongeza. Nilitaka kulia. Hachoki nani? Mama analala na chupa ya maji ya moto katikati ya magoti. Kama ungekuja ushike jembe Jumamosi moja, angepata nafasi ya kuchoka kama binadamu wengine.

Sasa tuje kwa Alhamisi ile. Nilikuwa nyumbani kwa sababu mashine za laini yetu zilikuwa zinatengenezwa, tukapewa siku mbili. Ilikuwa zamu ya mama kwa mwethya. Nikukumbushe, maana inaonekana Syokimau imekusahaulisha: ni wale akina mama kumi na wawili wanaozunguka shamba kwa shamba kila Alhamisi, leo kwako, wiki ijayo kwangu, na asiyekwenda kwa wenzake hana wa kuja kwake. Mvua ilikuwa imekaribia na mitaro kule chini ilikuwa imejaa mchanga. Mama aliamka alfajiri kuwachemshia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa. Mimi nilikuwa jikoni nachuja chai.

Na unajua, kwa sababu umelelewa nayo, kwamba mwethya yetu haipigi hodi. Wanapita popote penye nafasi kwenye ua, wanashuka moja kwa moja shambani, wanalima kwanza. Salamu ni wakati wa chai. Ukiwa mdogo ulikuwa ukiamshwa na nyimbo zao, unatoka mbio bila suruali kwenda kuwaonyesha mahali penye mawe, nao wanakuita fundi mkuu. Lakini siku hiyo simu yako ilikuambia kuna watu, ukafungua, ukaona wageni wanapenya ua na majembe na kuanza kuchimba karibu na mpaka. Sauti yako ikatoka ukutani juu ya kichwa changu, kubwa mpaka chai ikanimwagikia mkononi.

“Hey! Nyinyi ni akina nani? Nani amewaruhusu muingie hapo? Tokeni kwa shamba ya watu! Naita polisi saa hii!”

Wakasimama wote. Mama Ndinda ndiye aliyekuwa karibu. Alilaza jembe, akapanda mpaka uani, akatazama huku na huku hadi akaiona kamera. Akatabasamu, Mutinda. Alidhani unamtania.

“Mutinda, si ni mimi! Mama Ndinda. Kwani hunijui?”

“Sijui wewe ni nani, mama. Nimesema mtoke hapo!”

Halafu ukaongeza. “Popi! Shika!”

Simlaumu mbwa. Miezi yote alikuwa akiisikia sauti yako asikuone, na siku hiyo mwishowe ukampa kazi anayoijua. Alimrukia, akamshika kwenye shavu la mguu, na nilimpiga kwa sufuria mpaka akaachia. Mama alitoka ghalani mikono mitupu, hajui ashike nini, mbwa au mwenzake. Ndipo ukauliza, na sauti sasa imeshuka, “Wait, mum, kwani hao ni watu wenu?” Watu wenu! Kisha ukakata. Baadaye ulituambia ulikuwa na mkutano.

Fimbo ya mbali, tunaambiwa, haiui nyoka. Yako haikuua nyoka, ilimwangukia Mama Ndinda.

Huyo usiyemjua ndiye aliyekubeba mgongoni siku ulipojimwagia uji wa moto. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa akipiga mayowe tu kwa hofu, na mimi nilikuwa na miaka tisa, nikikimbia nyuma yao na blanketi. Alikubeba kutoka Mitaboni mpaka hospitali ya Kathiani, akikuimbia njia nzima ili usilale. Hakuwa na viatu. Ukivua shati ujiangalie begani kwenye kioo, halafu uniambie tena kwamba hujui yeye ni nani.

Hawakututukana. Afadhali wangetutukana. Walimfunga mguu kwa leso, wakaokota majembe na kuondoka kupitia langoni, wao ambao tangu nizaliwe sijawaona wakitumia lango letu. Mama aliwafuata hadi barabarani mikono mitupu vile vile, akiwaita kwa majina. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilimpakia Mama Ndinda kwenye bodaboda hadi Machakos akadungwa sindano. Daktari aliuliza mbwa ni wa nani, akasema afungwe siku kumi na tumwangalie. Zimepita, ni mzima, lakini mama bado amemfunga. Anaogopa kumfungua.

Na wewe ukaandika nini kwenye grupu? Ninayo hapa. “Sorry for the inconvenience. Issue hapa ni communication. Next time mnitumie list ya wenye wanakuja. Nitatuma vijana wamalize hiyo mitaro, ni kazi ya siku moja.” Hukuuliza mguu. Mutinda, kwani ulidhani ni mitaro? Mitaro hata mimi ningeichimba polepole. Mama anaishi peke yake. Akianguka usiku, wanaofika kwanza ni hao. Baba alipofariki, waliochota maji na kuvunja kuni wiki nzima ni hao, na wewe ulikula chakula walichopika. Ndipo jioni ya Alhamisi ile nikapanda kwenye kiti na bisibisi.

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa kwa jirani yetu wa chini. Mama alichukua jembe lake akaenda. Hawakumfukuza. Walimpa mstari wake pembeni, akalima mpaka saa sita, na hakuna aliyemsemesha. Wakati wa kula walimletea sahani alipokuwa amekaa, kama mgeni. Haya nimeambiwa na mke wa jirani huyo, maana mama mwenyewe aliniambia tu kwamba kazi ilikuwa nzuri na chakula kilikuwa kingi.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye sababu ya barua hii.

Jumamosi iliyopita niliposhuka sokoni Mitaboni, wanawake wawili wa mwethya walinisimamisha. Nilijiandaa kutukanwa. Mmoja akanishika mkono. “Mwambie Mutinda yameisha,” akasema. “Kijana ana roho nzuri huyo. Ati alilia kwa simu mpaka mamako naye akaanza kulia!”

Nilisema ahsante. Ningesema nini tena? Nilipofika nyumbani nilimkuta mama anachagua maharagwe kwenye ungo. Nikamuuliza Mutinda alipiga simu lini. Hakuinua uso.

“Hajapiga,” akasema.

Alikuwa ameenda mwenyewe kwa Mama Ndinda. Alisimama langoni mpaka akakaribishwa, akasema ametumwa na wewe. Alisema ulipiga simu, kwamba jua lilikuwa limepiga kioo cha kamera hukumtambua, kwamba tangu siku ile hulali, kwamba ulilia kama mtoto. Mama yetu, Mutinda. Yule aliyetuchapa mimi na wewe kwa ajili ya uongo wa andazi moja. Amekaa kanisani miaka hamsini, na sasa katika uzee wake amejifunza kudanganya ili kukufunika wewe.

Nikamkasirikia hata yeye. Nikamuuliza kwa nini.

“Ningesema nini, Mwikali?” akaniambia. “Niseme mtoto wangu ameona damu ya mtu na hajauliza hata kama imekauka? Hiyo ndiyo niende niseme kwa watu?”

Akaendelea kuchagua maharagwe. Nikachukua ungo nikamalizia.

Wamekubali. Alhamisi hii wanarudi kwetu kumaliza kazi. Lakini Mama Ndinda ameomba jambo moja, na ameliomba kwa mapenzi, si kwa ubaya. Anataka kusema nawe mwenyewe, akuambie kwa kinywa chake kwamba amekusamehe. Mara mbili amemuuliza mama kwa nini kijana anayelia hivyo hampigii yeye mwenye mguu. Mara zote mbili mama amesema ni shida ya network. Sasa wamepanga kwamba Alhamisi, wakati wa chai, watakupigia kwa simu ya mama, iwekwe sauti ya juu, wote wasikie. Wanadhani wanakufanyia mema. Mama hali vizuri tangu aambiwe. Anajua utapokea na kusema “Nani? Kwani kulia gani?” mbele ya wanawake kumi na wawili, na hapo hatakuwa tu mama wa mtu mwenye kamera, atakuwa mwongo. Hataweza kukaa nao tena, na mimi siwezi kumpa wanawake wengine.

Kwa hiyo usingoje Alhamisi. Namba ya Mama Ndinda huna, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie leo. Usitume mtu, usitume kitu, na ukilitaja neno “communication” nitalisikia hata nikiwa kiwandani. Mwambie ni wewe Mutinda. Muulize mguu, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize, hata akichukua nusu saa, kwa sababu anapenda kuzunguka. Ataanza na ng'ombe wake, mvumilie.

Mama hajui kwamba nimekuandikia, na asijue. Mama Ndinda akikuuliza kama ni kweli ulilia, sema ndiyo. Na kama bado unaweza, ndugu yangu, lia kwanza kabla hujapiga, ili mama asiwe amedanganya.

Ni mimi,
dada uliyemfuata kuzaliwa