Chupa ya Mafuta ya Samaki Niliyomtumia Baba

Al Mansoura, Doha
Jumanne, baada ya Alasiri

Mdogo wangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na wanao hawajambo? Shemeji mgongo umemwachia, au bado anainama kwa shida? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia, na utajua sababu.

Barua hii nampa Bi Saumu, yule mama wa kwetu Korogwe anayefanya kazi za ndani kule Al Wukair. Anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi, pale unaposhonea, asiipeleke nyumbani. Isome yote kabla hujaongea na Baba.

Unakumbuka Baba alivyoniomba mafuta ya samaki. Kuna rafiki yake alimwambia yanasafisha mishipa. Nikaenda duka la dawa hapa chini ya jengo letu nikakuta rafu nzima ya chupa, zote zina picha ya samaki, zote zinang'aa. Muuzaji ni Mhindi mmoja mpole, hana haraka na mtu. Akanifundisha kuchagua. Akasema nisidanganywe na namba kubwa ya mbele. Nigeuze chupa nisome maandishi madogo ya nyuma, ndiyo yanayosema hiyo omega-3 yenyewe ni kiasi gani, maana chupa mbili zinaweza kuandikwa elfu moja mbele, moja ikawa na nusu ya nyingine. Akanionyesha kuwa mafuta ya ini la samaki si sawa na haya ya kawaida, kwa kuwa hayo ya ini yana vitamini A nyingi, si ya kumeza ovyo. Nikamwuliza ganda lake limetengenezwa na nini, akanitafutia lililoandikwa halali. Mwisho akauliza, "Ni ya nani?" Nikamwambia ni ya baba yangu, ana presha. Akasema, "Basi amwulize daktari wake kwanza. Na dawa zake asiache."

Nikaitikia kama mtu anayeitikia salamu. Nikalipa, nikaondoka.

Chumbani tunalala wanne. Kwenye kitanda cha chini yangu alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, mlinzi kwenye jengo la ofisi. Mtu wa vicheko, aliyekuwa akinipikia ugali siku nikichelewa hotelini. Yeye pia ana presha, aliambiwa alipopimwa afya ya kazi. Aliponiona na chupa akacheka, akatoa zake tatu chini ya kitanda. Alizinunua Industrial Area, kwa mtu anayeuza kwenye begi pale mabasi yanapopakia, wanamwita Daktari ingawa si daktari. Nikatoboa kidonge kimoja. Harufu ilinirudisha nyuma, kama mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika juani. Tarehe ya kuisha ilikuwa imekwanguliwa.

"Wafula, haya yameoza."

"Apana, ndugu yangu. Hii ni samaki tu. Samaki itaniua aje?"

Nikampa chupa niliyonunua ya ziada, nzuri. Nikajiona nimemsaidia. Sikumwuliza vidonge vyake vya hospitali viko wapi.

Baada ya hapo mambo yalianza kidogo kidogo. Akawa anaamka na kichwa kinamgonga. Siku moja nikakuta damu kwenye sinki, akasema ni joto tu, pua imekauka. Akawa anasimama katikati ya ngazi, ameshika ukuta, nami nampita na ndoo yangu ya nguo. Asubuhi moja alishindwa kufunga kifungo cha shati la kazi. Vidole vilikuwa vinakizunguka tu kile kifungo. Nikakifunga mimi. Nikamwambia, "Leo usiende." Akasema mudiri wake, yule bosi wao, atamkata siku, akapanda basi.

Hakufika kazini. Wenzake wanasema aliinama humo ndani ya basi kama anayetafuta kitu sakafuni, hakuinuka.

Nilikwenda hospitali na chupa zote kwenye mfuko, zile za begi na ya dukani, nikijua ni sumu iliyomwangusha. Daktari wa pale akaziangalia, zile zilizooza akazitupa. Akaniuliza, "Na vidonge vyake vya presha?" Nilikuwa nimepekua kabati lake kabla ya kuja. Nikavitoa. Pakiti zilikuwa zimejaa, hata moja haijafunguliwa, za miezi miwili. Akasema, "Si mafuta haya yaliyomfikisha hapa. Ni hivi alivyoviacha."

Wafula yu hai. Upande wa kulia haumsikii, na kinywa kinatoa sauti isiyo maneno. Mkewe alipopiga simu aliuliza kitu kimoja tu: "Anaongea?" Nikamwambia yu hai. Wiki ijayo wanamrudisha kwao.

Sasa sikiliza, Mwajuma. Siku Baba alipopokea chupa yangu aliniambia kwenye simu, "Afadhali, sasa nitapumzika na vile vidonge vinavyonipeleka chooni kila saa." Mimi nilicheka. Nikasema, "Haya Baba." Sikumpa hata neno moja la yule Mhindi.

Tangu Wafula aanguke nimempigia Baba mara nne. Anasema yu mzima kuliko sisi. Nilipomkataza, akaja juu: "Unanikataza kitu ulichonitumia mwenyewe?" Nawe, kwa kuwa huna simu yako, akikupa ya kwake unasema hakuna tabu, najua amekaa hapo hapo anakusikiliza. Lakini Jumapili ulisema, kama utani, kwamba amemwaga chai mara mbili na kwamba amekuita kwa jina la marehemu Mama. Mlicheka wote. Mimi nilikata simu, nikakaa kitandani kwa Wafula, ambacho bado hakijapata mtu.

Angalia vidonge vyake. Kama vimejaa, usibishane naye, wala usimpe mwenyewe kufidia vilivyopita. Mwite Mjomba aje na gari, mwambieni mnampeleka kokote atakakokubali kwenda, mradi mfike hospitali leo. Usingoje simu yangu. Na ukiwa kule sema ukweli: kaka yangu ndiye aliyemtumia mafuta, na ndiye aliyemwambia "Haya Baba" alipotaka kuacha vidonge.

Nisalimie shemeji, na wanao wote wawili. Nisalimie Mjomba, mwambie namtegemea. Nisalimie Shangazi, na fundi mwenzako wa cherehani ya dirishani aliyeniombea dua nilipoondoka. Baba msalimie kwa namna utakayoona inafaa.

Bi Saumu ananingoja mlangoni na mizigo yake, gari la kwenda uwanja wa ndege limeshafika. Nilitaka kukuuliza jambo moja, nikaogopa kuliuliza kwenye simu: hicho kikombe cha chai, alikuwa amekishika kwa mkono upi?

Kaka yako,
Idrisa