Mwalimu Kaniambia Nitulie, Mtoto Anataka Niongee

Dada Felista wa safu hii, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi nimekuzidi basi niamkie hukohuko uliko, nami naitikia marahaba. Naomba unisaidie maana hili jambo limenikaa kifuani, na mimi si mtu wa kukaa na kitu kifuani, muulize yeyote hapa Ibighi atakwambia. Mimi nauza ndizi, shule niliishia darasa la tatu, mume wangu Jairo analima chai, na kitindamimba wetu Tulia yuko fomu foo, Novemba hii anaingia mtihani wa taifa, na kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika hapo, ndiyo uone moyo unavyonidunda.

Sasa ngoja nikuanzie mwanzo. Tangu yuko fomu tuu, Tulia akirudi shule tunakaa jikoni tunamenya ndizi za mbalaga, chakula chetu cha jioni, na mimi namuuliza kama ninavyomuuliza jirani yangu Pudensiana akitoka sokoni, haya lete habari, huko leo kumetokea nini? Basi ananisimulia walichofundishwa, na mimi kwa kuwa sijui kitu nauliza tu, ehee, halafu? Nani kamtuma? Sasa huyo mwingine akafanyaje? Siku moja kaniletea habari za moyo. Akasema mama, damu iliyochoka inaingia upande wa kulia wa moyo, inasukumwa kwenye mapafu ikachukue hewa safi, inarudi upande wa kushoto, ndipo inasambazwa mwilini. Nikasema kumbe! Ni kama wageni wa harusi wamekuja na matope yote ya njia ya kijijini Suma, wanaingizwa mlango wa kulia, wanapelekwa kuoga, wakishapendeza wanaingilia mlango wa kushoto waende wakacheze. Tulia alicheka mpaka ndizi ikamdondoka. Kesho yake soko zima lina habari za moyo, Pudensiana ananipigia kelele toka ng'ambo, "Mama Tulia, wale wageni wako wameshaoga?" Na kwenye Bayolojia mtoto akapata B. Tena kuna ile ya Sodiamu na Klorini, mmoja ana kitu kimemzidi kinamwasha, mwenzie kapungukiwa hichohicho, wakakutana, dada yangu wee, hiyo nitakumalizia chini nafasi ikibaki.

Basi mwezi wa tano tukaitwa kikao cha wazazi wa madarasa ya mtihani. Mwalimu Prosper, kaletwa huku kutoka Moshi, kijana ana adabu zake, akasema nyumba ya mtahiniwa iwe na utulivu. Mimi nyuma huku namnong'oneza Pudensiana, maana naye mwanae Happy yuko darasa hilohilo. Mwalimu akanikazia macho akasema, "Mama, tulia." Mimi nikajua naitwa, si ndiyo jina langu? Nikasimama nikaitika, "Abee mwalimu!" nikaanza na kuushukuru uongozi wa shule. Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Jairo alikuwa anaangalia viatu vyake tu.

Njiani akaniambia, "Umesikia mwenyewe. Mwalimu kasoma, wewe uliishia la tatu. Huo mdomo wako ndio utakaomfelisha mtoto."

Nikaogopa, nikanyamaza. Mimi! Redio nikatoa betri, Pudensiana nikamwambia asikanyage kwangu mpaka Desemba, jogoo nikampeleka kwa shemeji, Tulia akirudi shule namwonyesha chumba kwa kidole, chakula namwachia mlangoni. Ndizi nikawa namenya peke yangu, siku moja nikajikuta nazisalimia.

Matokeo ya moku, ule mtihani wa majaribio, yametoka juzi. Bayolojia D. Mtoto akaanza kulia akasema, "Mama, nilikukosea nini? Umeninunia miezi yote hii, nyumba imekuwa kama ina msiba." Nikamwambia mwanangu mimi nilikuwa nakusaidia. Akasema, "Basi usinisaidie hivyo. Kule chumbani nageuza kurasa tu, nikifika ya pili ya kwanza imeshaondoka. Ongea, mama. Niulize 'halafu?' kama zamani." Na Happy naye anataka kuja wasome wote jikoni.

Jairo kakataa, anasema neno la mwalimu ni neno. Na mimi nina la kuungama. Mwaka jana kwenye jaribio Tulia aliandika kwamba damu inakwenda kuoga, kwa Kiingereza kabisa, mwalimu akampiga mstari mwekundu, na hayo ya kuoga ni yangu. La pili, hiyo D nimeshaitangaza sokoni. Ilinitoka tu dada, nilikuwa na miezi mitatu ya maneno tumboni. Sasa nikiongea namharibu, nikinyamaza namharibu, na Novemba ile pale naiona. Nifanyeje? Karatasi imeisha na ya Klorini imebaki. Ndaga fijo, asante sana.

Mimi Mama Tulia, Ibighi, Tukuyu.

*Dada Felista anajibu:*

Mama Tulia, habari ya nani amwamkie nani tutaimaliza siku tukionana. Nimecheka mpaka wenzangu wamekuja kuisoma barua yako mezani kwangu, halafu nikafika kwenye hiyo D ya sokoni, kicheko kikakata. Alama za mtoto si kitoweo cha kugawia soko! Leo hii mwombe Tulia radhi, umwambie ni nani na nani wamesikia, asije akakutana nayo njiani. Habari za moyo zitangaze mpaka Suma nzima ijue. Habari za alama, funga.

Mwalimu alisema mtulie, hakusema mfe. Utulivu ni mtoto asitumwe dukani kila akishika daftari, watu wasigombane mbele yake, alale mapema. Wewe umemnunia mwanao ukaita msaada, hata jogoo hukumwacha. Mrudishe jogoo wa watu. Na Pudensiana pia.

Kuongea utaongea. Mtu akisimulia kitu mpaka asiyejua akakielewa, kitu hicho hakimtoki tena. Hilo darasa la tatu ndilo limemsaidia Tulia, maana ungekuwa unajua mambo ya moyo usingeuliza "halafu?", ungemkatisha ukaanza kumfundisha wewe.

Ila chumvi yako, mama, ndiyo inayoniogopesha. Anayesahihisha mtihani hakualikwa kwenye harusi yako. Kwa hiyo wakati wa kumenya, wageni waoge, mcheke. Ndizi zikishakuwa motoni, Tulia na Happy watoe karatasi waandike yaleyale kwa Kiingereza cha kitabuni, bila kuchungulia, wewe umeshika saa, na hapo ndipo unaposhika na mdomo. Wakimaliza wasahihishane. Wakibishana wafungue kitabu, wakishindwa wampelekee mwalimu. Na wamwombe mitihani ya miaka ya nyuma, waifanye mmoja baada ya mwingine.

Baba Tulia usibishane naye. Nendeni wote wawili kwa Mwalimu Prosper, mwelezeni B ilipatikanaje na D imetoka wapi, asikie na mumeo akiwepo. Halafu jioni moja mpe Jairo kisu na ndizi za kumenya, Tulia amsimulie naitrojeni inavyofanya kazi kwenye majani ya chai yake. Nakuhakikishia "halafu?" ya kwanza itatoka kwake.

Hiyo ya Klorini umenikatili kweli, lakini usinimalizie wewe. Aimalize Tulia, kwa maandishi, daftari limefungwa, iletwe hapa mezani kwangu. Nasikia wakikutana wale wawili wanazaa chumvi. Hiyo ndiyo chumvi pekee ninayokuruhusu mwaka huu.

Na asubuhi ya mtihani msindikize mpaka getini. Usimkumbushe moyo, usimletee habari za Pudensiana. Mwite jina lake tu, mara moja, taratibu. Linatosha.