Nani Aliandika Ukurasa wa Tujenge

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi. Nimefungua duka saa mbili, mashine ya fotokopi inakohoa kuliko mimi. Wateja hakuna. Basi nimeingia kwenye Meza ya Maswali, ule ukurasa wa kamusi elezo yetu ya mtandaoni ambapo sisi wahariri wa kujitolea tunajibu watu.

Kujitolea! Neno hilo hakuna anayelielewa. Wa kwanza leo anauliza kwa nini tumefuta ukurasa wake. Ukurasa wenyewe ni picha yake na miwani ya jua, chini namba ya simu. Wa pili anataka nimuunganishe na patron, yaani bosi wa kamusi. Patron gani? Niko mimi, yuko Israël kule Kalemie, wako wengine kama kumi, kila mtu na kibarua chake.

Wa tatu hakuweka jina. Anauliza nani aliandika kwamba shule ya msingi Tujenge, hapa hapa Katuba mjini Lubumbashi, ilianzishwa na Laurent Kunda. Anasema ni uongo, aliyeianzisha ni mama yake. Tufute mara moja.

Mara moja! Hata jambo hajasema. Nimemjibu: kamusi elezo haipokei maneno ya mdomo, leta chanzo kilichochapishwa. Nikatia sahihi yangu, Kipepeo. Miaka sita natumia jina hilo, na jibu hilo naweza kulitoa hata usingizini.

Jumanne, 17 Juni

Yule wa tatu amerudi. Herufi kubwa tupu, kama mtu anayegonga geti kwa jiwe. "MAMA YANGU IKO MUZIMA. IKO NA AKILI YOTE. MUYE MUMUULIZE. NJO CHANZO." Safari hii ametia jina: Mwape. Akina Mwape katika mji huu ni wengi kama nzi sokoni.

Eti mama ndiye chanzo! Nimecheka, halafu nimekasirika. Tukianza kupokea kila mama wa kila mtu, kesho mjomba wa fulani ndiye aliyechimba mto Lubumbashi! Nimemwandikia: mtu si chanzo. Tena ukurasa huo una chanzo, gazeti la mjini la mwaka 2021, rejeo namba moja, ulisome kabla ya kulalamika.

Israël ameniwekea kidole gumba. Nilijisikia vizuri. Nakiri, nilijisikia vizuri sana.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Directeur Alphonse, mkuu wa shule ya Tujenge, ameleta programu ya jubilei nimpigie chapa. Shule inatimiza miaka arobaini. Jumamosi ya tarehe 28: misa, hotuba, ngoma za watoto, halafu kufunua bamba la shaba lenye jina la mwanzilishi. Nimeanza kuchapa. Nimefika kwenye historia ya shule: "Ilianzishwa mwaka 1985 na mfanyabiashara Laurent Kunda, mtu aliyeona giza la ujinga akawasha taa."

Vidole vimesimama. Giza la ujinga akawasha taa! Hakuna mtu mwingine Katuba anayeandika upuuzi wa namna hii. Ni sentensi yangu.

Directeur alipotoka nimefungua historia ya ukurasa. Pale huwezi kujificha, kila badiliko lina jina na saa. Tarehe 14 Agosti 2019: Kipepeo. Chanzo: hakuna. Nimefungua lile gazeti la 2021. Sentensi ileile kwa Kifaransa, na taa yake! Walinakili kwetu. Halafu 2022 Israël, kwa nia njema, akaliweka hilo gazeti chini ya sentensi yangu kama ushahidi. Yaani nimesema uongo, mtu akaurudia, sisi tukamwita yeye shahidi.

Na juzi nikamwambia mtoto wa mwenye shule akasome rejeo namba moja.

Ijumaa, 20 Juni

Nilijuaje kwamba ni Laurent? Nimejiuliza siku nzima na nimekumbuka. Kitenge! Kile cha jubilei ya miaka thelathini. Kila mama alikuwa nacho: TUJENGE 30 ANS, na sura ya Laurent katika duara, kifuani na matakoni. Nikaona sura, nikaandika mwanzilishi.

Mimi ninayewafukuza watu kwa kukosa vyanzo, nilisoma matako ya watu sokoni.

Jumamosi, 21 Juni

Mwape ni Mwape wangu! Yule wa kwaya, mteja wangu, anayekuja kila mwezi kufotokopi nyimbo. Ameingia leo na simu mkononi, macho mekundu. Anataka nimchapishie ukurasa mzima wa Meza ya Maswali, aupeleke kwa wakubwa wa komine, serikali yetu ya mtaa, wasitishe lile bamba.

"Julienne, ona bantu ba internet! Banasema mama yangu haiko chanzo. Chanzo njo nini, kama haiko muntu mwenye alifanya? Na ule Kipepeo — siku nitamukamata!"

Anadhani Kipepeo ni mwanaume. Tena Mbelgiji aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. Nimechapisha majibu yangu mwenyewe, kurasa tatu, nikayabana na pini. Nimemkabidhi kama vile aliyeyaandika si mimi.

Halafu ameniomba nimsindikize nimsalimie mama yake, na nimekwenda. Mama Kangwa ana miaka themanini na minne. Alikuwa ameketi juani anabangua karanga. Uani kwake kuna shimo kubwa, sasa wamepanda matembele ndani yake. Pale ndipo kilipokuwa kichuguu, anasema, kirefu kuliko nyumba. Mwaka ule wa 1985 watoto wengi wa mtaa walifukuzwa shule kwa kukosa karo. Akawaita akina mama wengine wanane. Wakabomoa kichuguu, wakakanyaga udongo, wakafyatua matofali, wakachoma. Tanuri la kwanza lilibomoka na mvua. Wakaanza upya. Vyumba viwili! Laurent alikuja mwaka wa tatu na mabati, manjanja kama tunavyoyaita.

"Alifanya muzuri," amesema. "Manjanja alileta. Lakini hakukanyaga udongo."

Nimeuliza, sauti ndogo: basi sura yake kwenye kitenge?

Amecheka mpaka karanga zimemwagika. "Mwenye anachapisha kitenge njo anatia sura yake! Weye mutoto ya Katuba ao ya wapi?"

Ya Katuba. Nimezaliwa Katuba. Mjomba wangu mwenyewe aliweka sura yake kwenye kitenge cha arusi ya watu wengine, na tulimcheka mwaka mzima. Mtoto wa miaka kumi angejua!

Kisha hakucheka tena. Amesema yeye jina lake si kitu, mtaa unamjua. "Lakini benzangu munane bote balisha kufa. Nani atabataja?" Akanitajia mmoja mmoja, kwa vidole, na mtaa wa kila mmoja. Nimeandika yote nyuma ya risiti.

Mwape alinishika mkono getini akasema Mungu anibariki, ni mimi peke yangu niliyesikiliza. Nimekubali baraka ile. Mwizi mkubwa.

Jumatatu, 23 Juni

Nimesahihisha. Nimefuta Laurent mwanzilishi, nimeandika Mama Kangwa na wale wanane, majina yote, na mabati ya Laurent nimeyaacha mahali pake, mwaka wa tatu. Ukurasa ulikuwa mzuri. Uliishi dakika kumi na moja.

Israël ameurudisha ulivyokuwa. Ameniandikia kwa adabu yake yote: Dada Kipepeo, samahani, umeondoa habari yenye chanzo ukaweka isiyo na chanzo. Wewe ndiye uliyenifundisha tusifanye hivyo.

Kweli nilimfundisha. Ningemrushia kibodi! Nimemweleza: angalia tarehe, sisi 2019, gazeti 2021, wametunakili. Anajibu kwamba labda gazeti liliuliza shuleni. Labda! Kwa Laurent kuna labda, kwa Mama Kangwa hakuna.

Jumanne, 24 Juni

Nimempigia Guelor, aliyeandika ile habari gazetini. Kijana mchangamfu, hana aibu hata kidogo. Nimemuuliza alimhoji nani pale Tujenge. Hakuhoji mtu, siku ile alikuwa na habari tano, akanakili kwetu.

"Mama, shiye tulitosha mule mu kamusi yenu. Mubadirishe kule kwanza, na shiye tutabadirisha."

Nimemwambia kule hawabadilishi mpaka gazeti libadilishe. Amesema, ah, c'est compliqué, mambo magumu, na simu imekatika. Si compliqué! Ni watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake pita wewe kwanza, na bibi kizee nje anapigwa na jua.

Nimemwomba aniandikie tu maneno mawili kwamba alinakili kwetu. Hajajibu. Nani atajiandikia kwamba alinakili?

Jumatano, 25 Juni

Nimeandika kwenye Meza ya Maswali, mbele ya wote: Ni mimi Kipepeo niliyeweka jina la Laurent Kunda. Sikuwa na chanzo. Niliona sura kwenye kitenge. Nilikosea.

Israël amejibu baada ya saa moja: anaheshimu ukweli wangu, ila ungamo la mhariri nalo ni maneno ya mdomo. Tusubiri chanzo huru.

Tusubiri! Mwenye habari ana miaka themanini na minne!

Chini yake Mwape ameandika: "KIPEPEO, MUNGU IKO ANAKUONA." Hajui anayemwandikia anakaa mitaa miwili kutoka kwake. Jina la mtandaoni sikulifungua. Nimeungama nikiwa nimefunika uso, na mimi nikajiona shujaa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepeleka programu shuleni mwenyewe. Directeur Alphonse amenipa kiti na soda. Nimemwambia kwamba historia ile si kweli, na nimempa majina tisa.

Amesoma. Si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi! Anasema yeye alifika Tujenge miaka minne tu iliyopita, alikuta watu wanasema hivi na vile. Ndiyo maana akaangalia kwenye internet, apate jambo la uhakika.

"Papa directeur, ile ya internet niliandika miye."

Akaniangalia.

"Njo ile," akasema. "Iliandikwa."

Nimerudia: miye! Bila kumuuliza muntu! Akasema familia ya marehemu Laurent imekwisha alikwa, shaba imekwisha chongwa, bourgmestre, mkuu wa komine, anakuja, na kwamba ukweli una wakati wake. Tumpe Mama Kangwa kiti cha heshima, na zawadi, kitenge labda. Kitenge! Nimeacha soda yake pale pale, sikuigusa.

Jioni Mwape ametuma ujumbe. Komine wamemwambia alete karatasi, naye karatasi aliyonayo ni majibu ya Kipepeo. Mama anataka kwenda sherehe hata hivyo. Ananiomba tukae naye pamoja.

Jumamosi, 28 Juni

Niko uwanjani Tujenge. Daftari liko mapajani. Nimelileta ili niandike nitakachosema mbele ya watu, kwamba Kipepeo ni mimi, nisije nikababaika, na mpaka sasa nimeandika mistari miwili na kuifuta.

Viti vya plastiki, hema mbili. Familia ya Laurent safu ya mbele, watu wenye adabu, binti yake mkubwa analia kidogo. Nao nimewafanya nini! Hawakuomba uongo wangu, wataondolewa baba yao mbele ya watu. Kiti cha heshima cha Mama Kangwa ni safu ya nne, nyuma ya nguzo. Hakulalamika. Anaangalia ukuta wa vyumba vile viwili vya zamani, midomo inatembea. Nadhani anahesabu wenzake.

Mimi niko upande wake wa kulia, Mwape kushoto. Amevaa nguo ya kwaya. Ameniletea maandazi. Amesema nikiwa karibu hasira zake zinapoa.

Hotuba ya bourgmestre imekwisha. Watoto wamecheza. Directeur amesoma historia ya shule kwenye karatasi niliyopiga chapa mimi, na alipofika kwenye taa watu wamepiga makofi. Mwape amesonya kwa nguvu, safu mbili zimegeuka. Mama Kangwa hakupiga makofi wala hakusonya. Ameninong'oneza: "Ule mwenye aliandika, anajua kuandika. Angalikuya tu kuniuliza."

Angalikuja tu kumuuliza. Duka langu na geti lake ni mwendo wa dakika saba.

Sasa directeur amesimama kando ya bamba, kitambaa kinapepea, pembe moja ya shaba inaonekana. Anauliza, kwa desturi tu, kama kuna mwenye neno kabla hatujafunua. Hangoji jibu, anageukia familia.

Nimeinua mkono wa kushoto. Naandika na wa kulia, herufi zinatembea kama kuku.

Ameniona. Amegeuza uso, anamwita binti wa Laurent aje kushika kitambaa. Mkono siushushi. Kijana wa mikro, kipaza sauti, anaangalia directeur, ananiangalia mimi, hajui aende wapi. Nyuma mtu amesema mupeni mama mikro.

Mwape amenivuta nguo. Anacheka, anadhani nataka kumtetea mama yake. "Julienne, unataka kusema nini?"

Mama Kangwa naye amegeuza kiti chake. Ananiangalia. Mikro inakuja, iko safu ya pili —